MIZIGO MICHACHE, MAJIRANI WENGI
Somo la vikundi vya mtaa

Fungu la kusoma: Marko 6:7–13



Katika fungu hili Bwana anawatuma wale Thenashara wawili wawili, na kabla hawajaondoka anawapunguzia mizigo. Wengi wetu hulisoma kama habari ya umaskini tu. Lakini tukiendelea mstari wa 10 twaona habari ya nyumba: wakae pale watakapopokelewa. Mtu asiye na mkoba wala fedha hana budi kupiga hodi. Leo tujifunze jambo hili kwa mfano ulio karibu nasi, katika Ziwa Nyasa, lile tunaloliona tukishuka kutoka Mbeya kwenda Kyela.

1. Kisiwa cha Likoma

Likoma ni kisiwa kidogo, chenye eneo la kilomita za mraba kama 18. Kipo karibu na pwani ya Msumbiji, ingawa ni sehemu ya Malawi. Misheni ya Vyuo Vikuu, yaani UMCA, ilikifanya makao yake mwaka 1885. Habari zake zatuhusu, kwa kuwa kutoka katika Dayosisi ya Nyasaland ndiko ilikozaliwa Dayosisi ya Kusini Magharibi mwa Tanganyika mwaka 1952.

Wamisionari wale walikuwa watu wa kujitolea. Hawakulipwa mshahara; walipewa chakula, malazi, na paundi 20 kwa mwaka za matumizi madogo. Simu haikuwapo, wala barabara. Barua ilitoka Uingereza kwa meli, kisha kwa mashua, kisha kichwani kwa wapagazi. Aliyeuliza swali alingoja jibu kwa miezi. Chombo chao kikubwa kilikuwa stima ndogo iitwayo Charles Janson, kwa kumbukumbu ya padre aliyefariki kando ya ziwa mwaka 1882.

2. Uhaba uliwafundisha kuuliza

Mmoja wao alikuwa Padre William Percival Johnson. Tangu miaka ya mwanzo ya 1880 mpaka alipofariki mwaka 1928, alizunguka mwambao wa ziwa, mara kwa stima, mara kwa miguu, akilala vijijini. Macho yake yaliharibika sana, lakini hakuacha kazi. Kaburi lake lipo Liuli, upande wetu wa ziwa.

Padre Johnson alitafsiri Biblia katika Kinyanja. Tufikirini kidogo: maneno yale aliyapata wapi? Aliyapata kwa wenyeji, kwa kuketi nao, kusikiliza na kukosolewa. Msomi wa Oxford alikuwa mwanafunzi wa wavuvi.

Hata chombo kikubwa kilipopatikana, hakikufika peke yake. Stima ya Chauncy Maples ilitengenezwa Glasgow mwaka 1899, ikasafirishwa ikiwa vipande 3,481. Boila yake, lile tangi la kuchemshia maji ya mvuke, ilikuwa na uzito wa tani 11. Wangoni wapatao 450 waliivuta kwa mikono katika nchi kavu, kupita maporomoko ya mto Shire. Mwaka 1901 stima ikashushwa majini. Ilipotumika kama shule, hospitali na kanisa, ilikuwa imetangulia kuwa jasho la watu hao, ambao majina yao hatukuachiwa.

3. Uhaba wenyewe si utakatifu

Hapa tuwe waangalifu. Tusije tukasema kwamba kukosa vitu ni jambo jema siku zote. Chauncy Maples, ambaye stima ile iliitwa kwa jina lake, aliwekwa wakfu kuwa askofu huko London mwezi Juni 1895. Mwezi Septemba mwaka ule ule, akirudi Likoma kwa mashua ya tanga, dhoruba ilimkuta ziwani usiku, akazama pamoja na mwenzake Joseph Williams. Wengine wengi walikufa kwa homa. Mpaka mwaka 1897 hakuna aliyekuwa amethibitisha kwamba malaria huletwa na mbu. Chandarua na nyumba bora vingaliwaokoa baadhi yao, wala kazi yao isingalipungua thamani.

Basi tutofautishe. Vipo vitu vya kulinda uhai, navyo ni wajibu wa anayemtuma mtu kumpatia. Vipo na vitu vinavyotutenga na majirani, navyo ni hivyo ambavyo Bwana anatuambia tuviache nyumbani.

4. Aliyepokea akawa mtoaji

Padre Leonard Kamungu alikuwa mwenyeji wa nchi za ziwa hilo. Alipewa upadre mwaka 1909. Baadaye kidogo alijitolea kwenda mbali, nchi iitwayo sasa Zambia, akaanzisha kazi huko Msoro, na huko huko akafariki mwezi Februari 1913. Kwa hiyo kujitolea hakukuwa jambo la Wazungu tu. Aliyewapokea wageni nyumbani kwao, naye akawa mgeni katika nyumba za wengine.

5. Na sisi je?

Tunao vijana kutoka mitaa ya Iringa na Mbeya wanaokwenda kufundisha au kuuguza katika vijiji vya milima ya Makete na mwambao wa Ludewa. Mara nyingi huaga wakihofia simu kuliko njaa. Kisha chaji inakwisha, jua halitoki siku mbili, na jioni kijana anakwenda nyumba ya pili kuomba moto wa kuni. Anakaribishwa chai. Anaulizwa kwao ni wapi. Siku hiyo ndipo anapoanza kuwa mwalimu wa kijiji kile, kwa sababu sasa anajulikana.

Lakini kama kijana huyo anavuka ziwa bila jaketi la kuokolea maisha, au analala bila chandarua, hilo si fundisho la Marko 6. Ni uzembe wetu tuliomtuma.

Maswali ya kujadiliana

1. Bwana aliwaruhusu mitume kuchukua nini, na kwa nini?
2. Ni kitu gani nyumbani mwako kinachokusaidia kuishi, na kipi kinachokuzuia kumjua jirani?
3. Mtaa wetu unapomtuma mtu wa kujitolea, tuhakikishe amepewa nini kabla hajaondoka? Andikeni vitu vitatu, mkavipeleke katika kikao cha wazee wa kanisa.