Mche Mmoja wa Bangi na Afya ya Akili
Kemikali ya bangi inayolevya, THC, hukaa hasa katika maua ya mche jike. Ndiyo maana huko Ulaya na Marekani baadhi ya watu huulea mche mmoja ndani ya hema, chini ya taa, usichavushwe: maua yake huweza kuwa makali kuliko ya shambani. Zanzibar, sheria inakataza hata mche huo mmoja.

Kijana akifikishwa kituoni Tumbe, Pemba, akisikia sauti zisizokuwepo, mhudumu amuulize kwa upole: ni bangi ya namna gani, tangu umri gani, huivuta au huila? Iliyoliwa huweza kuchelewa kulevya kwa muda wa saa mbili, hivyo mtumiaji huongeza akazidisha. Majibu hayo ni ya tiba, yatunzwe siri. Jamaa wasimfunge kamba: maradhi haya hutibika.