Kubadilika kwa Viumbe na Itikadi ya Muislamu

Hili ni somo juu ya jambo linalowatia watu katika matata. Katika shule za sekondari mwanafunzi hufundishwa ya kuwa viumbe wenye uhai hubadilika kizazi baada ya kizazi, na ya kuwa aina zilizopo leo zimetokana na aina zilizotangulia. Jioni mwanafunzi huyo huyo hukaa juu ya mkeka wa madrasa akasoma khabari za kuumbwa kwa Adam. Basi wako wazee waonao heri mtoto atolewe shule, ipate kusalimika dini yake; na wako vijana waonao heri waiache madrasa, wasiitwe wajinga. Makundi yote mawili yamekhasirika, na khasara hiyo yatokana na kutopambanua. Mambo yanayochanganywa hapa ni matatu, na kila moja lina hukumu yake.

JAMBO LA KWANZA: Kubadilika kunakoonekana

Mtu wa Mchombe atakaye dalili asiende mbali. Nchi yake iko kati ya milima ya Udzungwa na mto Kilombero, nayo ni nchi ya mpunga na maji, na penye maji yaliyotuama mbu hakosi. Wataalamu wa Taasisi ya Afya ya Ifakara, ambayo asili yake ni maabara ya Waswisi iliyoanzishwa mwaka 1957, wamethibitisha ya kuwa wengi katika mbu waenezao malaria bondeni humo hawafi tena kwa dawa iliyozoeleka kutiwa katika vyandarua.

Sababu yake ni hii. Mbu hawazaliwi sawasawa. Katika maelfu yao walikuwako wachache ambao miili yao yaweza kuivunja sumu kabla haijawaua. Dawa ilipoenea, wengi walikufa, wale wachache wakabaki, wakataga mayai, na watoto wao wakairithi nguvu ile. Mbu huzaa vizazi vingi katika mwaka mmoja. Basi haikupita miaka mingi ila wachache wakawa ndio wengi. Jua ya kuwa mbu mmoja mmoja hakujigeuza. Kilichogeuka ni kaumu yao nzima, kwa kufa hawa na kuzaa wale. Hiyo ndiyo maana ya uteuzi wa asili, alioueleza Charles Darwin, Mwingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1859.

Kadhalika vijidudu vya malaria vyenyewe. Dawa ya klorokwini iliwaponya watu miaka mingi, kisha ikashindwa, hata Tanzania ikaiacha mwaka 2001. Na dawa iliyofuata nayo ikadhoofika, ndipo mwaka 2006 ikachaguliwa dawa mseto.

Dini haina ugomvi na jambo hili, kwani ni jambo la kuonekana. Tena kulijua kuna manufaa. Wataalamu walipofahamu namna mbu anavyoivunja sumu, walitia katika chandarua kitu cha pili kinachomzuia asiivunje. Majaribio yaliyofanywa Muleba, katika Kagera, ambayo khabari zake zilitolewa mwaka 2018, yalionyesha ya kuwa vyandarua hivyo vyawakinga watoto na malaria kuliko vile vya kwanza. Basi asemaye ya kuwa chandarua hakifai kitu kwa kuwa mbu wameshinda dawa, amekosea. Hata kile cha zamani, kikiwa hakikutoboka, humzuia mbu asiufikie mwili. Na kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makuu ya sharia.

JAMBO LA PILI: Asili ya aina za viumbe

Wataalamu hawakukoma kwa mbu. Wasema ya kuwa mabadiliko madogo yakikusanyika kwa mamilioni ya miaka, aina moja hugawanyika ikawa mbili na zaidi. Hutaja ndege kama mnana wa Kilombero, aliyeandikwa katika vitabu vya elimu mwaka 1990, asiyepatikana po pote duniani ila katika bonde hili. Na kwale wa misitu ya Udzungwa, aliyejulikana kwa wataalamu mwaka 1991, ambaye jamaa zake wa karibu wako Asia. Hutaja pia fuvu la kale aliloliona Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959, na nyayo za Laetoli zilizofukuliwa mwaka 1978, zilizokanyagwa katika majivu ya volkano zaidi ya miaka milioni 3 iliyopita. Kwa dalili hizi na nyingine nyingi, karibu wataalamu wote wa elimu ya viumbe wamekubaliana juu ya jambo hili.

Wala hawasemi ya kuwa mtu ni mtoto wa nyani huyu aibaye mahindi shambani. Wasema ya kuwa wawili hao wana asili moja ya zamani sana. Atakaye kuwajibu, na awajibu kwa walilolisema, kwani insafu ni wajibu hata kwa mshindani.

Wanavyuoni wa Kiislamu wamekhitalifiana. Sheikh Husayn al-Jisr wa Tarablus ya Sham, katika risala yake ya mwaka 1888, aliona dalili za wakati ule hazikufika daraja ya yakini. Walakini alisema zikifika, aya zitafasiriwa kwa kufuatana nazo, na imani ya Muumba haitavunjika. Sheikh Nuh Ha Mim Keller, katika jawabu yake ya mwaka 1995, alisema kuitakidi kubadilika kwa wanyama si ukafiri, maadamu Mungu ndiye Muumba, lakini hakukubali ya kuwa binadamu ametokana na mnyama. David Solomon Jalajel, katika kitabu chake cha mwaka 2009, ameona kuwa wahyi umenyamaza juu ya namna walivyotokea wanyama, basi Muislamu hana la kukanusha wala la kulazimisha; ama Adam, khabari yake imekuja mahsusi.

Na khabari hiyo iko wazi. Sura ya Al-Imran, aya ya 59, yamfananisha Nabii Isa na Adam katika kuumbwa kwake. Mkunga ajua ya kuwa kila mtoto ana baba, na elimu yake ni ya kweli. Lakini elimu hiyo haiwezi kumkanusha Isa, kwani yeye alizaliwa kwa muujiza. Elimu ya viumbe hupima ada ya ulimwengu, na muujiza ni kuvunjwa kwa ada. Haumo katika mizani yake. Kwa hivyo Muislamu huamini ya kuwa Adam aliumbwa kwa udongo, bila baba wala mama, na hali hiyo haimlazimishi kuyakana mafuvu ya Olduvai.

JAMBO LA TATU: Neno la kuwa hapana Muumba

Neno hili halikutoka katika maabara. Hapana chombo kilichompima Mwenyezi Mungu kikamkosa. Mtaalamu asemapo mabadiliko hutokea kwa nasibu, maana yake ni kwamba hayaji kwa kufuata haja ya kiumbe. Si kwamba hapana ayakadiriaye. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111), alifundisha ya kuwa moto hauunguzi pamba kwa nguvu zake, bali Mwenyezi Mungu huumba kuungua panapokutana viwili hivyo. Basi uteuzi wa asili nao ni sababu katika sababu, kama mvua na mpunga. Imam huyo huyo alionya ya kuwa mwenye kukanusha hisabu ya kupatwa kwa jua, akidhani aitetea dini, ameidhuru dini.

HUKUMU YA MWANAFUNZI

Mwanafunzi akiulizwa katika mtihani wataalamu wasema nini, na ajibu kwa ukamilifu. Hilo si ukafiri, kwani mwenye kunakili kauli si lazima awe mwenye kuiamini. Mzazi naye asimtoe mtoto shule kwa sababu hii. Na amtie shule na madrasa, apate kupambanua.

Maswali ya kudurusu:
1. Ni nini kilichobadilika, mbu mmoja au kaumu ya mbu?
2. Taja mambo matatu yaliyopambanuliwa katika somo hili.
3. Kwa nini elimu ya ada haiwezi kukanusha muujiza?

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa. Wallahu aalam.