Kuzima si Kuzimika: Istilahi za Usimamizi wa Nishati katika Vifaa vya Mwigo vya Tarakilishi

Utangulizi

Mjadala kuhusu uwezo wa Kiswahili kueleza sayansi na teknolojia umeelemea mno upande wa orodha. Istilahi hukusanywa, hupangwa kialfabeti, kisha kazi huhesabiwa kuwa imekamilika. Makala haya yanashikilia kwamba istilahi hupimwa inapotwikwa mzigo wa kueleza jinsi jambo linavyotendeka. Tumeteua uwanja mmoja finyu, yaani usimamizi wa nishati ya umeme katika tarakilishi za mwigo, ili tuone ni wapi lugha yetu inatufaa na ni wapi uteuzi wetu wa maneno unatupotosha.

Mwenyeji na wageni

Wazo la kuigawa tarakilishi moja ili itende kama nyingi lina umri mkubwa. Kampuni ya IBM ilitangaza mfumo wa VM/370 mwaka 1972. Tangu miaka ya 2000 mbinu hiyo imeenea katika seva za kawaida na hata katika tarakilishi za mezani. Mashine halisi huitwa mwenyeji, na mashine zinazoigwa ndani yake huitwa wageni. Kati yao huwepo programu simamizi, ambayo humgawia kila mgeni sehemu yake ya kumbukumbu, prosesa na vifaa.

Istilahi hizi mbili zinaingia katika Kiswahili bila taabu, ila kuna tofauti moja ya kuzingatiwa. Mgeni tunayemjua katika methali 'mgeni njoo, mwenyeji apone' anajua kwamba yumo nyumbani mwa mtu. Mgeni wa tarakilishi kwa kawaida hutenda kana kwamba nyumba ni yake. Ameonyeshwa diski, kadi ya mtandao na kadi ya sauti, naye huviamuru vifaa hivyo kama mwenye mali, ilhali ni mwigo unaotekelezwa na programu.

Ngazi za usingizi

Mwezi Desemba mwaka 1996 kampuni za Intel, Microsoft na Toshiba zilichapisha kanuni iitwayo ACPI, ambayo tangu 2013 imekuwa chini ya jumuiya ya UEFI Forum. Kanuni hiyo huuruhusu mfumo wa uendeshaji kuamua ni kifaa kipi kipewe umeme, na kwa kiasi gani. Hali za kifaa hutajwa kwa alama D0 hadi D3. Katika D0 kifaa kinafanya kazi kikamilifu. D1 na D2 ni hali za kati, na si lazima kila kifaa kiwe nazo. D3 ndiyo hali ya chini kabisa, nayo ina sura mbili: ya kwanza, kifaa kingali na umeme wa kukiwezesha kupokea amri ya kuamka, ya pili, umeme wake mkuu umeondolewa.

Hapa Kiswahili kina utajiri wa asili. Tunaweza kusema kifaa kiko macho, kinasinzia, kimelala, au kimelala fofofo. Hali ya kwanza ya D3 ni ya aliyelala ambaye bado anasikia akiitwa jina. Ya pili ni ya aliyelala fofofo, ambaye kuita hakutoshi. Aidha, kifaa kinachotoka D3 huenda kikawa kimesahau mipangilio yake, hivyo programu inayokiendesha hulazimika kukifundisha upya.

Kuzimwa na kuzimika

Sasa tufikie kiini cha suala. Tuseme wageni watatu wanatumia kadi moja halisi ya mtandao, kila mmoja kupitia kadi yake ya mwigo. Mgeni wa kwanza hana kazi, hivyo anaiamuru kadi yake ilale. Je, ni nini kimetokea?

Programu simamizi huipokea amri hiyo, huandika katika kumbukumbu kwamba kadi ya mgeni huyo iko D3, na huacha kumpelekea vikatizo vya kawaida. Mgeni akiuliza hali ya kadi yake, atajibiwa kwamba imelala. Hata hivyo, kadi halisi bado iko macho, kwa kuwa wageni wawili wengine wanaitegemea. Programu simamizi ikiitii amri hiyo kwa kila hali, itawakatia wengine mawasiliano. Ikiipuuza kabisa, umeme utaendelea kupotea hata siku ambayo wageni wote wamelala. Kwa hiyo kanuni ya busara ni hii: kifaa halisi kifuate hali ya mgeni aliye macho zaidi, na kilazwe pale tu wageni wote wamelala na mwenyeji mwenyewe hakihitaji.

Sarufi yetu ina nyenzo ya kulieleza jambo hili kwa maneno mawili. Kauli ya kutendwa hutuambia kwamba amri imetolewa: kadi imezimwa. Kauli ya kutendeka hutuambia kwamba hali imefikiwa: kadi imezimika. Katika mashine ya kawaida kauli hizi hufuatana, hata mwanafunzi akazidhania kuwa sawa. Katika mashine ya mwigo zinaachana. Kadi ya mgeni imezimwa, lakini kadi halisi haijazimika. Mwandishi atakayezichanganya atamfundisha msomaji kosa la kiufundi kupitia kosa la kisarufi.

Pepe, dhahania au mwigo?

Vifaa hivi tuviiteje? Neno 'pepe' limekwisha kuzoeleka katika 'barua pepe', ambamo linahusu upelekaji wa ujumbe kwa njia ya kielektroniki. Kadi halisi ya mtandao nayo ni ya kielektroniki, hivyo 'kadi pepe' haiitofautishi na mwenzake.

'Dhahania' inapotosha zaidi. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, neno hili huamsha nomino kama wema na upendo, vitu visivyogusika wala kula umeme. Kifaa cha mgeni hukaa katika kumbukumbu halisi na hutekelezwa na prosesa halisi. Chukua mfano wa saa ya mwigo. Mifumo ya Linux ya zamani iliweza kuikatiza prosesa mara 100 hadi 1,000 kwa sekunde, hata kama hapakuwa na kazi. Wageni kumi wa kiwango cha juu wangeweza kumdai mwenyeji vikatizo 10,000 kila sekunde, akakosa usingizi kwa ajili ya watu wasiofanya lolote. Toleo la 2.6.21 la mwaka 2007 lilianza kuiwezesha prosesa isiyo na kazi kukaa bila mapigo hayo. Kitu cha dhahania hakimnyimi mtu usingizi.

Tunapendekeza 'mwigo'. Neno hili linakiri kwamba kuna kinachoigwa na kuna anayeiga. Zaidi ya hayo, linaweka wajibu: mwigo mzuri lazima uige hata kulala. Kadi ya mwigo inayoendelea kutuma vikatizo baada ya kuamriwa ilale imeshindwa kazi yake, kwa sababu mgeni ameahidiwa kimya.

Hitimisho

Tumeona kwamba mwenyeji, mgeni, macho, kulala fofofo, kuzimwa na kuzimika ni maneno yaliyokuwamo katika lugha kabla ya tarakilishi kufika kwetu. Kilichokosekana ni mazoea ya kuyatumia kwa uangalifu. Tunawahimiza wanafunzi wenzetu, kila wanapopendekeza istilahi, waiandikie aya moja ya maelezo kuhusu utendaji wa kitu kinachotajwa. Istilahi ikiikwamisha aya hiyo, itafutwe nyingine. Wahadhiri nao wayafunze mada ya mnyambuliko wa vitenzi kwa mifano ya aina hii, ili mwanafunzi atambue kwamba kiambishi kimoja kinaweza kutenganisha maelezo ya kweli na ya uongo.