Msongo wa Mawazo: Unavyoathiri Neva, na Namna ya Kujijengea Uthabiti

Mkulima wa Mtito Andei akisikia mahindi yakivunjika usiku, mwili wake humtangulia. Kabla hajawasha tochi, moyo unakwenda mbio, misuli imekaza na kinywa kimekauka. Ndovu wametoka katika hifadhi ya Tsavo. Hofu ya namna hiyo ina faida, kwa sababu humwandaa mtu kukimbia au kupiga kelele. Ndovu wakishaondoka, mwili hutulia.

Hofu inayoumiza watu wa Kitui na Makueni, huku Ukambani, ni ile isiyoondoka. Wakulima wa huku hutegemea zaidi mvua ya Oktoba hadi Desemba. Ikikosa kunyesha, ndengu na mbaazi hukauka, mbuzi huuzwa kwa hasara, na karo bado inadaiwa. Kuanzia mwishoni mwa 2020, misimu mitano mfululizo iliharibika katika sehemu nyingi kame za Kenya.

Kinachotokea mwilini

Ubongo ukihisi hatari, huziamrisha tezi za adrenali zilizo juu ya figo zitoe adrenalini, inayoongeza mapigo ya moyo, kisha kotisoli, inayoongeza sukari katika damu ili misuli ipate nguvu. Hatari ikipita, neva ya vagasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni, husaidia kurudisha utulivu.

Wasiwasi ukidumu miezi, utulivu huo haupatikani. Usingizi hukatika, kichwa na tumbo husumbua, presha inaweza kupanda, na kumbukumbu hupungua. Mzazi anayesahausahau na kuwafokea watoto huenda amechoka neva. Tusiharakishe kumwita mkali au mvivu.

Mambo manne ya kufanya

1. *Pumua polepole.* Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, uitoe taratibu ukihesabu hadi 6, kwa dakika 5. Kuitoa taratibu hupunguza mapigo ya moyo. Unaweza kufanya hivi hata ukiwa foleni ya maji.

2. *Linda usingizi.* Lala na kuamka saa zilezile. Kutafuna majani ya muguka na kunywa kahawa jioni hukufanya ukeshe. Pombe hulaza haraka, lakini huukatiza usingizi usiku wa manane.

3. *Gawanya mzigo.* Andika yanayokusumbua, kisha chagua moja unaloweza kulishughulikia wiki hii, kwa mfano kumwomba mwalimu mkuu ukubaliwe kulipa karo kidogo kidogo.

4. *Usijitenge.* Vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi, vimechimba matuta na kujenga mabwawa ya mchanga kote Ukambani. Anayebeba mawe na wenzake hupata mazoezi na mtu wa kumweleza yaliyo moyoni. Bwawa likikamilika, safari ya maji inakuwa fupi, na sababu moja ya wasiwasi imepungua. Uthabiti hujengwa namna hiyo: hautokani na moyo mgumu wa mtu mmoja.

Wakati wa kutafuta msaada

Dalili zikidumu zaidi ya wiki mbili, au zikikuzuia kula, kulala au kufanya kazi, nenda kwenye zahanati au umwone mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako. Si lazima safari ianzie Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili iliyo Nairobi. Huku Makueni, shirika la Africa Mental Health Research and Training Foundation, chini ya Profesa David Ndetei, liliwafunza wauguzi, maafisa wa kliniki na wahudumu wa jamii kutambua na kutibu matatizo ya akili kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Waganga wa kienyeji na viongozi wa dini wanaoombea wagonjwa walihusishwa pia, maana wengi huwaendea hao kwanza.

Mtu akisema amechoka kuishi, usimwache peke yake. Ondoa dawa za kunyunyizia mimea na kamba zilizo karibu, umpeleke hospitali, au upige 1199, nambari ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Usimfiche kwa kuogopa polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kumwadhibu aliyejaribu kujiua kunakiuka Katiba. Anahitaji matibabu, na kadiri anavyofikishwa mapema, ndivyo uwezekano wa kupona unavyokuwa mkubwa.