Saratani ya ngozi kwa mtu mweusi

Swali: Nasomea uuguzi, naishi Kipsongo, Kitale. Je, saratani ya ngozi si ugonjwa wa Wazungu?

Jibu: La. Melanini, rangi asilia ya ngozi, hupunguza madhara ya jua, lakini kwa watu weusi melanoma, aina mojawapo ya saratani ya ngozi, hujitokeza zaidi kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha, mahali ambapo jua si chanzo kikuu. Mwanamuziki Bob Marley melanoma ilimwanzia kwenye kidole cha mguu, akafariki 1981. Utasema nyayo za hapa zina funza na vidonda vya kawaida tu. Ni kweli, na vingi hupona. Ndiyo maana kisichopona kitiliwe shaka. Kidonda sugu au kovu la moto linalochimbika upya, kingo zikiinuka na kuvuja damu, huenda likawa saratani. Basi mvue mgonjwa viatu, mwoshe nyayo, pima doa, andika tarehe, na umpe rufaa mapema akatolewe kinyama cha kupimwa maabara.