Soma Jina Lako Kabla ya Kusoma Barua

Biashara ya mpakani siku hizi haitegemei karatasi peke yake. Kabla lori halijafika Malaba, Busia, Mutukula au Mpondwe, ankara na hati za forodha huwa zimekwisha kutangulia kwa barua pepe, kati ya mwenye mali, wakala wake na ofisi za nchi mbili. Njia hiyo imeharakisha kazi, lakini pia imewafungulia matapeli mlango. Barua moja iliyoandikwa kwa ustadi, ikidai kwamba mzigo umezuiliwa na kwamba faini ilipwe leo hii kwa namba fulani ya simu, yaweza kumwondolea mtu mtaji wake wote. Katika somo hili twaeleza kipimo kimoja chepesi kisichohitaji fedha wala utaalamu, nacho ni kulinganisha jina la mpokeaji na anwani iliyotumiwa barua hiyo.

Jina na anwani ni vitu viwili

Anwani ya barua pepe hugawanywa na alama ya @, ambayo mhandisi Mmarekani Ray Tomlinson aliichagua kwa kazi hiyo mwaka 1971. Kushoto kwake husimama mtumiaji. Kulia husimama taasisi au kampuni inayomhifadhia barua. Kando ya anwani huweza kuandikwa jina la mtu. Anwani ndiyo inayoifikisha barua. Jina ni maandishi tu, na mtumaji aweza kuandika lolote alipendalo bila kuulizwa na mtambo wowote. Katika simu nyingi, jina ndilo linaloonekana, na anwani hujificha mpaka uliguse jina hilo.

Kwa nini tapeli hukosea jina

Tarehe 3 Mei 1978, nchini Marekani, mwuzaji wa kompyuta Gary Thuerk alituma tangazo moja kwa watu wapatao 400 kwa mkupuo. Wengi huihesabu hiyo kuwa barua taka ya kwanza. Msingi wake haujabadilika hadi leo: mtumaji hamjui mpokeaji, ana orodha tu. Orodha hizo hukusanywa na programu zinazopekua intaneti zikiokota kila penye alama ya @, au huibwa na kuuzwa. Mara nyingi huwa na anwani zisizo na majina.

Tapeli ajua kwamba barua isiyotaja jina haimvuti mtu, kwa hiyo programu yake hubuni jina kutokana na maneno yaliyo kushoto kwa @. Chama cha ushirika ambacho anwani yake huanza kwa nafaka.busia kitaamkiwa “Ndugu Nafaka”. Pengine mistari ya orodha huteleza, ukaletewa barua yenye jina la mtu usiyemfahamu. Pengine mahali pa mpokeaji pana anwani ya mgeni, na yako imefichwa pamoja na nyingine nyingi. Zote hizo ni alama za mtu anayebisha hodi asijue ni nyumba ya nani.

Namna ya kupima

Kwanza, gusa mstari wa mpokeaji uione anwani kamili. Je, ni yako?

Pili, linganisha jina uliloitwa na jina ulilojiandikisha nalo katika ofisi inayodaiwa kuandika. Hapa sisi watu wa mpakani tuwe waangalifu. Yupo anayeandikwa Mohamed upande huu na Muhammad upande wa pili, na yupo ambaye jina la ukoo hutangulia huku na kufuata kule. Tofauti ya namna hiyo haitoshi kumhukumu mtumaji. Kinachotia shaka ni jina ambalo hujawahi kulitumia, au neno la anwani lililogeuzwa kuwa jina la mtu.

Tatu, jiulize kama ofisi hiyo iliwahi kupewa anwani hiyo. Ikiwa wakala wako wa forodha anaifahamu anwani ya duka, na barua ya “forodha” imekuja kwenye anwani unayoandikiana nayo na wanao tu, basi mwandishi ameipata kwingine. Ni vema kuweka daftari dogo lenye kuonyesha kila ofisi uliipa jina gani na anwani ipi.

Wenye anwani za Gmail wana njia nyingine. Mwenye anwani inayoanza kwa nafaka.busia aweza kumpa wakala anwani inayoanza kwa nafaka.busia+wakala, na barua zitafika katika sanduku lile lile. Siku barua ya “benki” itakapokuja kwa anwani yenye neno wakala, atajua kwamba haikutoka benki, na atajua pia anwani yake ilivujia wapi.

Jina likilingana

Jina sahihi pekee si hakikisho. Sanduku la barua la wakala likidukuliwa, majina na anwani za wateja wake huchukuliwa pamoja. Kwa hiyo mtazame na mtumaji. Anwani za ofisi za serikali ya Uganda huishia kwa go.ug, za Kenya kwa go.ke, za Tanzania kwa go.tz, na za Rwanda kwa gov.rw. Mamlaka ya Mapato ya Uganda hutumia ura.go.ug. Isome anwani kuanzia mwisho wake: ikiwa ura.go.ug imewekwa katikati na anwani ikaishia kwa maneno mengine, haikutoka kwa mamlaka hiyo. Na kwa kuwa hata anwani ya mtumaji yaweza kughushiwa, usilipe fedha kabla ya kupiga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, au kufika ofisini mwenyewe. Namba iliyoandikwa ndani ya barua hiyo usiitumie.

Barua ya shaka ikikufikia

Usiijibu, usifungue kiambatisho wala kiungo chake, na usiifute. Ikiwa umekwisha kulipa, ijulishe kwanza kampuni ya simu au benki, kwa kuwa dakika chache zaweza kuzuia fedha zisitolewe. Kisha fika kituo cha polisi kilicho karibu, au nchini Uganda piga 999. Udanganyifu wa kielektroniki ni kosa chini ya sheria ya Uganda ya matumizi mabaya ya kompyuta ya mwaka 2011.

Njoo na simu au kompyuta iliyopokea barua hiyo. Ndani ya barua ya asili mna maelezo yasiyoonekana kwa kawaida, yanayoonyesha mitambo iliyopitia. Picha ya skrini haina maelezo hayo, na ukiipeleka barua kwa mtu mwingine kwa njia ya kawaida hubaki nyuma. Tapeli aweza kuwa ng'ambo ya mpaka, nawe uko huku. Maelezo hayo ndiyo yanayotuwezesha kuwaomba wenzetu wa upande wa pili waanze kumtafuta.