Kurekebisha Mtambo wa Joto na Ubaridi wa Juu ya Paa

Juu ya mapaa bapa ya maduka, shule na migahawa ya Marekani na Kanada hukaa sanduku kubwa la bati lenye kazi mbili. Wakati wa baridi huchoma gesi asilia na kulipasha jengo joto. Wakati wa kiangazi kompresa yake hulipoza. Kazi zote mbili hutegemea feni moja inayosukuma hewa kwenye mifereji ya jengo. Fundi aliyejifunzia viyoyozi Dar es Salaam au Mombasa ataitambua mara moja nusu ya ubaridi, na nusu ya moto ndiyo itakayokuwa ngeni kwake. Hata hivyo kazi haianzii kwenye moto wala kwenye kompresa, bali kwenye hewa. Hewa ikiwa pungufu, kila kipimo kitakachofuata kitadanganya.

Kabla ya kufungua mlango wowote, swichi kuu huzimwa na kutiwa kufuli ambalo ufunguo wake uko mfukoni mwa fundi mwenyewe. Kisha umeme hupimwa ili kuthibitisha kuwa kweli umekatika, na kapasita huondolewa chaji.

Filta chafu hubadilishwa kwanza, ndipo mkanda wa feni ukaguliwe. Mkanda uliokazwa sawasawa, ukisukumwa katikati kwa nguvu ya kadiri, hubonyea kama robo inchi pale ambapo puli mbili zimeachana inchi 16. Ukilegea huteleza na kulia. Ukikazwa kupita kiasi huua beringi. Puli ya mota ina pande mbili zinazoweza kusogezwa. Zikikaribiana, mkanda hupanda juu na feni huongeza mwendo. Hapa pana mtego: mwendo ukiongezeka kwa asilimia 10, mzigo wa mota huongezeka kwa takribani asilimia 33. Kwa hiyo puli huzungushwa nusu mzunguko tu kwa wakati, na ampia hupimwa kila mara na kulinganishwa na kibati cha mota. Kadirio la kawaida la upande wa ubaridi ni futi za ujazo 400 za hewa kwa dakika kwa kila tani moja, yaani kila Btu 12,000 kwa saa.

Sehemu inayopuuzwa kuliko zote ni milango ya hewa ya nje. Mota yake ndogo hufa kimyakimya, milango ikabaki wazi, na jengo likawa linapasha hewa ya Januari majira yote ya baridi. Mwenye jengo huona bili tu. Mafundi wengi hupita mbele yake bila hata kuigusa, na hilo ni kosa kubwa kuliko kusahau kutia grisi kwenye beringi.

Upande wa moto una mfuatano wake, na anayeuelewa ameshamaliza nusu ya kazi. Temostati ikiita joto, feni ndogo ya kutolea moshi huanza kuzunguka. Swichi ya mgandamizo huhisi kuwa moshi una njia, cheche hupigwa, vali ya gesi hufunguka na vichomeo huwaka. Fimbo ya kuhisi moto huthibitisha mwako, na baada ya nusu dakika au zaidi kidogo feni kubwa hufuata. Mfuatano unapokwama, hapo ndipo pa kuanzia kutafuta hitilafu. Moto ukiwaka kwa sekunde chache kisha ukazimika, mara nyingi fimbo imeshika utando. Mkondo unaopita kwenye mwali ni mdogo mno, kwa kawaida kati ya mikroampia 1 na 5, na uchafu kidogo huuzima. Fimbo husuguliwa kwa stili waya laini. Msasa huacha chembe zinazozuia umeme.

Mgandamizo wa gesi hupimwa kwa inchi za maji. Kwa mitambo mingi, gesi asilia inayokwenda kwenye vichomeo huwa na inchi 3.5, na propani kama 10 au 11. Kwanza hupimwa gesi inayoingia kwenye vali, vifaa vyote vya jengo vikiwa vimewashwa. Ikiwa hafifu, skrubu ya vali haitasaidia kitu. Skrubu hiyo iko chini ya kifuniko kidogo: kulia huongeza, kushoto hupunguza. Marekebisho yanapozidi sehemu tatu za kumi za inchi, kuna tatizo lingine, pengine nozeli zisizo zake. Mita ya gesi hutoa uthibitisho. Vifaa vingine vikiwa vimezimwa, futi moja ya ujazo ikipita kwa sekunde 18, mtambo unachoma futi 200 kwa saa, karibu Btu 200,000. Huko Denver, mji ulio mita 1,600 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi na nguvu ya moto hupunguzwa kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji.

Baada ya hapo hupimwa tofauti ya joto kati ya hewa inayorudi na inayotoka. Kibati cha mtambo hutaja kiwango chake. Ikizidi, hewa ni chache au gesi ni nyingi, na swichi ya usalama itakata moto. Swichi hiyo hairukwi kwa waya hata kwa dakika moja. Mwali unaoyumba feni kubwa inapoanza huashiria ufa kwenye mirija ya joto, na kupitia ufa kaboni monoksaidi inaweza kuingia jengoni. Hapo gesi hufungwa. Viungo vya bomba hupimwa kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti.

Kwa ubaridi, koili ya nje huoshwa kwa maji yanayopita kinyume na njia ya hewa. Mtego wa bomba la maji ya koili ya ndani huzibuliwa, la sivyo maji hufurika na kudondoka darini. Kompresa inayopiga kelele bila kujenga mgandamizo huenda inazunguka kinyume. Nyaya mbili za fezi hubadilishana nafasi, basi.

Geji hufungwa mwisho. Mitambo ya zamani hutumia gesi ya ubaridi ya R-22, iliyokoma kutengenezwa na kuingizwa Marekani mwaka 2020, au R-410A. Tangu 2025 mitambo mipya imehamia R-454B na R-32, ambazo zinaweza kuwaka, hivyo cheche na moto wa kulehemu huhitaji tahadhari zaidi. Kuziachia gesi hizi hewani ni kosa la jinai, na anayezishika lazima awe na cheti. Mtambo unaoongezewa gesi kila mwaka unavuja. Tundu litafutwe kabla ya kufungua mtungi mwingine.